Jambo la Tatu la Clive Ormerod

Clive Ormerod alikuwa na sheria moja aliyoishika kwa uaminifu maisha yake yote, nayo ilikuwa hii: mambo mawili yanapopingana, usiseme kwamba moja ni uongo. Tafuta jambo la tatu litakaloyafanya yote mawili kuwa kweli.

Ukiisikia mara ya kwanza unaweza kudhani ni sheria ya mpatanishi, mtu mwenye busara anayeitwa kwenye ugomvi wa mirathi. Sivyo. Ilikuwa sheria ya mtu aliyeandika riwaya za kipindi cha televisheni.

Kipindi chenyewe kiliitwa Lango la Kumi. Hapa Nelson, kama kwingineko Uingereza, watoto walikitazama kila Jumamosi jioni, sahani ya chipsi na samaki magotini. Kulikuwa na kituo cha anga, nahodha mwema asiyekumbukwa na mtu, na adui aitwaye Jemadari Thulmar: uso uliopakwa rangi ya fedha, joho jeusi lenye kola iliyosimama mpaka masikioni, na kicheko. Kicheko kile kila mtoto wa mtaa wetu alikiiga. Kilianzia chini kabisa kama injini inayokataa kuwaka, kikapanda, kikaishia kwenye kelele nyembamba ya kukera.

Kipindi kilidumu miaka tisa kikafutwa. Watu wenye akili zao walitafuta shughuli nyingine. Wasiokuwa nazo waliunda vyama, wakakutana kwenye hoteli za pwani wakiwa wamevaa nguo za anga zilizoshonwa kwa mapazia. Mchapishaji mmoja wa London, aliyekuwa amenunua haki ya kulitumia jina, akagundua kwamba watu hawa wangesoma chochote chenye picha ya Thulmar kwenye jalada. Si nahodha, nahodha hakuuza. Walitaka muuaji. Riwaya zikaanza kutoka, zote kuhusu muuaji, na mwandishi aliyezimudu kuliko wote alikuwa karani wa ofisi ya nyumba za halmashauri yetu, Clive Ormerod.

Alikuwa na dada mmoja, Noreen, aliyemzidi umri kwa miaka michache. Noreen Haslam, kwa jina la mumewe aliyekufa mapema, alikuwa mpishi wa shule ya msingi ya Barabara ya Walverden, na nyumba yake ilishikana ukuta na yangu. Ni yeye aliyenieleza mambo yalivyoanza. Baba yao alifanya kazi ya ufumaji kiwandani na Jumamosi alirudi amechoka, akalala kwenye kiti, na watoto wawili wakabaki sakafuni mbele ya televisheni. Noreen alikuwa na jicho kali.

"Hee! Juzi kovu la Thulmar lilikuwa shavu la kulia!"

"Shavu la kulia?"

"La kulia, nakwambia. Leo limehamia kushoto. Haya, rekebisha, Clive wetu! Rekebisha kabla chipsi hazijapoa!"

Clive angefumba macho, angekuna kichwa, mwisho angesema, "Ni kovu jingine. Lile la kwanza daktari wake amelitibu. Hili kalipata jana, hawakutuonyesha."

Noreen angecheka mpaka baba yao aamke. Kwake ulikuwa mchezo. Clive hakuwahi kuambiwa kwamba ni mchezo, au aliambiwa akasahau.

Wapenzi wa kipindi waliuita mchezo huo mtiririko. Maana yake ni kwamba linalotokea leo lisigombane na lililotokea jana. Ukitaka kuwaona watu wazima wakitetemeka kwa hasira, waambie mtiririko hauna maana. Waandishi wa kipindi chenyewe, ambao waliandika haraka na kusahau haraka, hawakuujali hata kidogo. Walioujali ni wale waliokuja nyuma yao kufagia, na hodari wa ufagio alikuwa Clive.

Riwaya iliyomletea sifa ilihusu Ilvara. Katika mwaka wa kwanza wa kipindi, Thulmar aliuchoma mji wa Ilvara, wazee na watoto ndani, akasimama kilimani akicheka. Kila aliyekitazama anakumbuka. Katika mwaka wa nne, mwandishi mwingine, aliyekuwa na haraka zake, alimfanya Thulmar aseme kwamba hajawahi kumdhuru mtoto. Mtu mzima angesema mwandishi alisahau, au kwamba Thulmar ni mwongo, kwani muuaji kusema uongo si ajabu. Clive alikataa yote mawili. Aliandika kitabu kizima cha kueleza kwamba Thulmar alidhani mji umehamwa, kwamba alidanganywa na msaidizi wake, na kwamba kile kicheko cha kilimani hakikuwa kicheko. Kwa watu wa jamii ya Thulmar, hivyo ndivyo mtu anavyolia.

Watu walishangilia. Barua zilimjia kutoka Glasgow na Bristol. Wanaume wenye ndevu walimwambia hotelini kwamba walitokwa na machozi. Mji mzima uliungua na watoto wake, na wa kuhurumiwa akawa yule aliyeshika kiberiti. Nilikisoma kitabu hicho, nikakirudisha kwa Noreen juu ya ukuta wa uani.

"Vipi?" akaniuliza.

"Kimeandikwa vizuri."

"Usinipake mafuta. Nilimwambia juzi humo jikoni kwangu. Nikamwambia, 'Clive, alicheka. Tulikuwa wote, tuliona akicheka.' Akanijibu, 'Hivyo ndivyo wanavyolia, dada.' Nikamuuliza, 'Tangu lini?' Unajua kanijibuje? 'Tangu ukurasa wa mia na arobaini.'"

Akacheka, akapangusa mikono kwa aproni. "Nikamwambia, basi na wale watoto wa Ilvara, kuungua kwao ndiko kuoga?"

Hakuwa mwanamke wa kununa. Alimdhihaki ndugu yake, kisha akamshonea mashati. Alishona kama watu wengine wanavyoongea, bila kukoma. Joho halisi la Thulmar, lile la televisheni, lilikuwa limeliwa na nondo ghalani, na chama kilipotaka jipya ili mwigizaji alivae kwenye mikutano, Noreen ndiye aliyelishona: mahameli nzito, bitana nyekundu, kola iliyotiwa waya. Ilimchukua majira yote ya baridi. Mwigizaji mwenyewe alipolivaa mara ya kwanza alisema kola inambana.

Huyo mwigizaji, Roland Pettifer, sitaandika mengi juu yake. Alicheza mhusika mmoja ujanani, na tangu hapo aliishi kwa kulipwa kuwa yeye. Alipigiwa makofi kila alipoingia chumbani, na mtu anayepigiwa makofi kila anapoingia chumbani hafundishiki tena. Wanawake wa chama walimpikia, walimbebea mikoba, walimfunga kola. Aliwaita wote "mama" hata waliokuwa wadogo kwake, na Noreen alimwita "bibi mshonaji".

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka huo Clive alikuwa amemaliza riwaya mpya, Machozi ya Jemadari. Mauzo yalikuwa yameshuka. London walimwambia wazi: Pettifer akikubali kuisoma kwa sauti yake kwenye kaseti, kitabu kitatoka kwa jalada gumu na vingine vitafuata, akikataa, hicho kitakuwa cha mwisho. Clive hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na Thulmar. Akakata tiketi ya gari la moshi kwenda Southport, kwenye mkutano wa chama, akamchukua Noreen amvishe Pettifer joho na amweke katika hali nzuri.

Jumapili mchana wageni rasmi walikula katika chumba kidogo cha ghorofani. Walikuwa watatu tu: Pettifer, Clive na Noreen. Asubuhi ukumbi ulikuwa na viti vingi vitupu, na Pettifer alikuwa amenuna. Hakugusa nyama ya kuoka. Alitoa chupa ya wiski kwenye mkoba wake, akaiweka katikati ya sahani, akainywa kama mtu anayemwagilia bustani.

"Narudi nyumbani," alisema. "Sikuja hapa kusaini vitabu vya watu kumi na mbwa."

"Lakini kaseti, Roland," Clive akasema. "Tulisema tutazungumza kuhusu kaseti."

"Tutazungumza, tutazungumza. Nipigie simu."

Akainuka, na meza ikainuka naye. Funguo za gari zilikuwa kando ya chupa. Noreen akazichukua.

"Hapana, bwana Pettifer. Hivyo ulivyo, huendeshi. Kalale kidogo, nitakuletea chai."

"Nipe."

"Sikupi. Huko nje kuna watoto."

Pettifer akamtazama, kisha akacheka. Kile kile, kutoka chini mpaka juu. Na Clive naye akacheka, kwa adabu, jinsi mtu anavyochekea mzaha wa bosi wake. Noreen aliniambia baadaye kwamba hicho cha Clive ndicho kilichomuuma, kwa sababu kilimfanya ageuze kichwa, na alipogeuza kichwa Pettifer alimpokonya funguo.

Uani kwa nyuma gari lilikuwa limeegeshwa mdomo ukutani, mkia ukielekea langoni. Noreen alimfuata akikimbia, joho likiwa mkononi, akaenda kusimama nyuma ya gari, kiganja juu ya buti, kati ya gari na nguzo ya mawe ya lango. Clive alikuwa kwenye ngazi za mlango wa jikoni, amebeba katoni ya vitabu. Hapakuwa na mtu mwingine.

Pettifer aliingia, akawasha, akashusha kioo.

"Ondoka hapo, bibi mshonaji!"

"Siondoki mpaka ushuke!"

Noreen aliyaona macho ya Pettifer kwenye kioo cha kutazamia nyuma, na macho yale yalimwona. Kisha gari likarudi nyuma. Aliruka pembeni, lakini joho lilinasa, na mkono wake wa kulia, uliokuwa umezongwa na mahameli ile, ukabaki kati ya bampa na nguzo.

Clive aliangusha katoni. Hilo nalikubali, aliiangusha. Alikimbia, alimshika dada yake, alipiga kelele kama binadamu yeyote. Kama mambo yangeishia dakika ile, leo ningemwandika vingine.

Pettifer alishuka, akatazama, akapita katikati ya watu waliokuwa wakitoka jikoni. Aliingia baa ya hoteli, akaagiza brandi mbele ya kila mtu, akainywa, akaagiza nyingine. Kwa mshtuko, alisema. Kwa hiyo askari alipofika na kipimo chake, harufu ya pombe ilikuwa na maelezo, na kipimo hakikuweza kutenganisha ya kabla na ya baada.

Askari alikuwa kijana mwenye heshima. Alikuwa na maneno ya watu wawili. Noreen, akiwa kwenye machela, alimwambia: alikuwa amelewa tangu mezani, nilisimama nyuma ya gari, aliniona, akarudi nyuma makusudi. Pettifer alimwambia: sikunywa tone kabla, nilimwambia aondoke akaondoka, sijui alirudije. Shahidi alikuwa mmoja, ndugu wa aliyeumia, na hilo lilimpa uzito kuliko shahidi yeyote. Akidanganya, angedanganya kwa kumpendelea dada yake. Kila mtu angefikiri hivyo.

Alichotakiwa kufanya ni kusema alichokiona. Hakuna kazi rahisi kuliko hiyo duniani. Mtoto wa miaka mitano huifanya bila kufundishwa.

Clive alifumba macho, akakuna kichwa.

Alisema kwamba mezani palikuwa na chupa, ndiyo, na Pettifer aliinua glasi mara kadhaa, lakini kwa namna ya waigizaji, kuinua bila kunywa. Dada yake aliona glasi ikiinuliwa, kwa hiyo hakukosea kudhani, na Pettifer hakunywa, kwa hiyo hakudanganya. Alisema kwamba Noreen alisimama nyuma ya gari, kweli kabisa, na Pettifer alimwona, na akamwambia aondoke, naye akaondoka. Kisha joho likamponyoka. Akarudi kuliokota, ameinama, na dereva hakuweza kumwona. Kwa hiyo alionwa, na hakuonwa. Wote wawili wamesema kweli.

Askari aliandika yote. Nadhani alifurahi. Ni nadra kazini kwake hadithi kukaa sawasawa namna ile.

Nilikwenda hospitali ya Southport siku iliyofuata kumpelekea Noreen vitu vyake, na Clive alikuwepo, amekaa kando ya kitanda na mfuko wa zabibu. Alikuwa anamweleza. Ndiyo, alikuwa anamweleza dada yake, kwa utulivu, kama mtu aliyemletea zawadi.

"Kwa hiyo hakuna atakayesema umedanganya, dada. Nimelinda hilo. Na yeye naye hana kesi kubwa. Kila mtu ametoka salama."

Noreen alikuwa mweupe kama shuka. Mkono wake ulikuwa umefungwa, umening'inizwa.

"Joho halikuanguka," alisema.

"Huwezi kuwa na hakika. Ulikuwa umeshtuka."

"Lilikuwa mkononi mwangu, Clive. Nesi amelikata kwa mkasi kulitoa. Limekauka damu."

"Ndiyo, kwa sababu ulikuwa umeshaliokota. Unaona? Hata hilo linaingia."

Noreen alimgeukia.

"Amekubali kaseti?"

Clive akatazama zabibu. "Amesema tutazungumza."

"Mimi si kipindi cha televisheni, Clive. Mimi ni Noreen. Nenda kamwambie yule askari kijana ulichokiona."

"Vyote viwili vinaweza kuwa kweli, ukitazama kwa..."

"Nenda zako."

"Dada..."

"Nenda zako na zabibu zako!"

Hapo ndipo nilipouelewa ubaya wa jambo la tatu. Uongo wa kawaida una kona. Ukileta ushahidi unagonga kona, unavunjika. Jambo la tatu halina kona. Ushahidi wowote ukiuleta linaumeza na kunenepa. Damu kwenye joho? Aliliokota. Alama za tairi? Dereva alisita. Miaka mingi ya kumtakasa mchomaji wa Ilvara ilikuwa imempa Clive ustadi ambao wakili wa bei kubwa angeuonea wivu, na ustadi ule haukujua kutofautisha mji wa kubuni na mkono wa dada yake.

Kesi ilisikilizwa miezi kadhaa baadaye mbele ya mahakimu watatu. Nilimpeleka Noreen kwa gari langu. Njiani hakusema kitu isipokuwa mara moja, tulipopita Preston.

"Atasema kweli," alisema. "Akisimama pale akaniona, atasema kweli. Si mtu mbaya."

Sikuwahi kusikia maneno hayo, si mtu mbaya, yakisemwa juu ya mtu aliyetenda jema.

Watu wa chama walijaza viti vya nyuma. Walikuja kumwona Pettifer. Wengine walileta vitabu avisaini. Noreen alitoa ushahidi wake kwa ufupi, bila machozi, mkono wa kulia mapajani. Pettifer alitoa wake kwa sauti nzuri sana. Kisha Clive akapanda.

Mwendesha mashtaka alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani. Alijua alichokuwa anakitafuta.

"Bwana Ormerod, kabla gari halijatembea, dada yako alikuwa nyuma yake?"

"Alikuwepo, ndiyo."

"Na dereva alimwona?"

"Alimwona, ndiyo."

"Basi tuje kwenye joho. Wewe kwa macho yako uliona joho likianguka? Sikuulizi lingewezaje kuanguka. Nakuuliza, uliliona?"

Noreen aliinua uso, na nilimwona akimtazama ndugu yake kama alivyomtazama, nadhani, pale sakafuni utotoni, akingoja. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu, hapana, lingetosha. Clive alifumba macho.

"Lazima lilianguka," alisema. "La sivyo mmoja wao anadanganya."

"Ndiyo, bwana Ormerod," mwanamke yule alisema. "Mara nyingi hapa huwa hivyo."

Watu wachache walicheka. Uso wa Clive ukawaka, na mtu aliyeaibishwa hung'ang'ania. "Liliponyoka," alisema. "Niliona likiponyoka."

Noreen akasimama. "Uongo! Clive, uongo huo!"

Mwenyekiti wa mahakimu alimwambia akae. Akakaa. Na kutoka viti vya nyuma mtu mmoja, sikumwona ni nani, akasema kwa sauti ya chini lakini iliyosikika, "Mwacheni Jemadari." Wengine wakacheka tena. Nataka niiandike hiyo kama ilivyokuwa, kwa sababu walipoulizwa baadaye walisema haikutokea.

Pettifer aliachiliwa. Mahakimu walisema kwamba shahidi pekee, ambaye hakuwa na sababu ya kumpendelea mshtakiwa, ameeleza tukio kwa namna inayopatana na ushahidi wote uliopo. Huko nje alizungukwa kwenye ngazi, akasaini vitabu, na mtu akamwomba acheke. Akacheka. Noreen alipita kando yake kuelekea kwenye gari langu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona anahitaji kushikwa mkono kushuka ngazi.

Clive alitufuata mpaka kwenye maegesho.

"Noreen! Noreen, sikiliza. Hawakusema umedanganya. Uliwasikia? Hakuna aliyesema umedanganya!"

Noreen aliingia kwenye gari, akashusha kioo kwa mkono wa kushoto, ambao bado haukuwa umezoea.

"Unakumbuka nilivyokuwa nakwambia, rekebisha, Clive wetu?"

"Nakumbuka."

"Nilikuwa nacheza."

Akapandisha kioo. Noreen hakumsemesha tena ndugu yake mpaka yeye mwenyewe alipokufa.

Machozi ya Jemadari kilitoka kwa jalada gumu, na kaseti nne, sauti ya Roland Pettifer. Clive aliandika vingine baada ya hapo. Kimoja kilihusu mshonaji mzee wa ikulu aliyejitupa mbele ya chombo cha anga cha Thulmar kwa mapenzi ya siri. Sijui kama aliona alichokuwa anakifanya. Nashuku aliona, na akakiona kizuri.

Kisha kampuni ya filamu ikanunua Lango la Kumi na kutengeneza filamu kubwa. Thulmar mpya alikuwa kijana, bila rangi ya fedha, na alichoma miji kwa sababu alipenda kuchoma miji. Wapenzi waliuliza, na vitabu je? Kampuni ikajibu kwa sentensi moja katika jarida: yaliyomo kwenye riwaya hayahesabiki kuwa yalitokea. Basi. Kazi yote ya Clive, machozi yote, ukurasa wa mia na arobaini, vikafutwa na karani fulani kabla ya chakula cha mchana. Wale wale waliolia Glasgow na Bristol waliviuza vitabu vyake kwa bei ya peremende, wakanunua fulana za yule kijana.

Clive alikuja kwangu jioni moja na jarida hilo mkononi. Alikuwa amekonda. Alikaa jikoni, ukuta mmoja tu kutoka nyumba aliyokuwa akiishi Noreen, na chai yake ikapoa.

"Wanasema havikutokea," alisema. "Wanawezaje kusema havikutokea? Viko pale, vimechapishwa."

"Rekebisha," nilimwambia.

Hakucheka. Akaanza kunieleza kwamba labda kuna Thulmar wawili, mmoja wa vitabu na mwingine wa filamu, katika malimwengu mawili yanayopakana, na kwamba barua nzuri kwa kampuni ingeweza kuwaonyesha jinsi yote...

"Na ulichoapa mahakamani, Clive? Hicho nacho watakifuta?"

Aligeuza kikombe kwenye kisahani.

"Hicho ni kitu kingine," alisema.

Kweli ni kitu kingine. Riwaya zake kumi na tano zimefutwa na hakuna anayezikumbuka. Kiapo chake kiko kwenye kabati la mahakama, na hakuna kampuni yenye uwezo wa kukifuta. Noreen Haslam alipoteza vidole viwili na nguvu ya mkono wa kulia, akapoteza kazi ya jikoni kwa sababu hakuweza kuinua sufuria, hakushona tena, na aliishi miaka iliyombakia akijulikana Nelson kuwa mwanamke aliyeinama nyuma ya gari kuokota joho.